Kona Yenye Uzi wa Kijani

Nyumba ile ilikuwa ya usingizi. Si kwamba wenyewe walikuwa wavivu, hasha. Ila kitambaa cha magodoro kina vumbi lake, jepesi, jeupe, linaloelea na kutua juu ya nyusi na kwenye ukingo wa vikombe, na cherehani ikishaanza wimbo wake wa asubuhi mpaka jioni, hata nzi wa humo ndani walitua ukutani wakasahau walikuwa wanakwenda wapi. Watu wa mtaa walisema ukiingia kwa Mama Pamba kuomba chumvi, utatoka na chumvi na miayo.

Mama Pamba ndiye aliyekuwa akishona. Alishona makava ya magodoro kwa ajili ya kiwanda kilichokuwa ng'ambo ya barabara kubwa, na jina hilo alipewa kwa sababu ya nyuzi nyeupe zisizotoka kichwani mwake hata siku ya harusi ya watu. Mumewe alikuwa dereva wa lori la kiwanda hicho hicho. Yeye walimwita Taratibu, maana hakuna aliyewahi kumwona akiendesha kwa kasi, akila kwa kasi, wala akikasirika kwa kasi. Wa tatu alikuwa mama mzazi wa Taratibu, ambaye wote walimwita Bibi, na ambaye umri ulikuwa umemfikisha mahali ambapo kulala na kuamka ni vyumba viwili vyenye pazia tu katikati. Binti yao alikuwa mbali, shule ya bweni. Mzigo wa nyumba waligawana hivi: lori liliwalisha, cherehani ilimsomesha mtoto.

Asubuhi hiyo Taratibu alipeleka mkono kwenye msumari wa karibu na mlango, pale anapotundika ufunguo wa lori. Msumari ulikuwa mtupu. Akapapasa ukuta pembeni yake, kana kwamba ufunguo umesogea kidogo tu kujinyoosha.

"Mke wangu, umeuona ufunguo?"

"Ufunguo upi?"

"Wa lori. Kuna mwingine?"

"Si uko msumarini?"

"Msumari ninao hapa. Ufunguo ndio haupo."

Wakatafuta. Walikung'uta shuka, wakamwaga kapu la vitunguu, wakageuza mifuko ya suruali ndani nje. Mama Pamba akapiga magoti kumulika chini ya kitanda cha Bibi kwa tochi ya simu. Bibi akafumbua jicho moja.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," akasema.

"Mama, hujauona ufunguo wa lori?"

"Nimeuona. Ulikuwa unakwenda sokoni." Akalifumba jicho lake, akaendelea na safari zake.

Siku nyingine wangecheka. Lakini ufunguo ule haukuwa chuma cha kwenda kuchongesha kwa fundi yeyote. Ndani ya kichwa chake cheusi cha plastiki mlikuwa na chipu, kitu kidogo kama punje ya mchele, na lori halikukubali kuwaka mpaka liisikie punje ile karibu na usukani. Ukiingiza chuma kingine, hata kiwe kimechongwa sawasawa, injini ingekohoa na kuzima, na taa nyekundu ingeanza kukukonyeza. Wezi hawakuliweza. Lilinunuliwa likiwa limeshatumika, likaja na ufunguo mmoja tu, na siku ya kumkabidhi Taratibu, bosi alimwambia, "Hili ulilolishika ndilo lori. Lile pale nje ni bati na matairi." Kwa hiyo kila jioni Taratibu aliliacha lori kiwandani lipakiwe, akaondoka na ufunguo mfukoni. Walinzi hawakuaminiwa kukaa nao. Yeye aliaminiwa. Ndiyo heshima pekee iliyokuwa kwenye ile kazi, na aliipenda kuliko mshahara.

Akaja akasimama mbele ya meza ya cherehani. Makava yalikuwa yameshaondoka. Mkokoteni wa kiwanda uliyachukua jana yake alasiri. Palibaki mkasi, vipande vya kitambaa, na uzi wa kijani uliokuwa bado umetungwa kwenye sindano. Akautazama ule uzi kwa muda mrefu, kichwa kimeinama upande mmoja, kama mtu anayejaribu kukumbuka wimbo.

"Unatazama nini?" mkewe akamuuliza.

"Hamna." Akavaa viatu. "Ngoja niende nikawaambie."

"Utawaambia nini?"

"Kwamba umepotea. Nitawaambia nini kingine?"

Akatoka. Mama Pamba alibaki mlangoni akimwangalia akivuka barabara kwa mwendo wake ule ule, na moyo ukamwuma, kwa sababu kwa mara ya kwanza alitamani mume wake akimbie.

*

Lori lilikuwa katikati ya uwanja wa kiwanda, limejaa magodoro mpaka juu, turubai limekazwa. Ulikuwa mzigo wa bweni jipya, safari ya siku nzima kwenda na kurudi. Wanafunzi walikuwa waingie kesho yake, na bosi alikuwa ameahidi kwa kinywa chake kwamba hakuna mtoto atakayelala kwenye chuma kitupu. Vibarua waliopakia usiku walikuwa wamejilaza kivulini juu ya mabaki ya sponji. Mmoja wao alikuwa amekwishajaribu kufungua mlango wa lori kwa waya. King'ora kikalia mpaka majirani wakatoka nje na taulo viunoni.

Bosi alikuwa mtu wa sauti laini. Wafanyakazi walisema afadhali angekuwa anafoka, kwa sababu anayefoka unajua ameishia wapi.

"Umepotea," akarudia baada ya kumsikiliza Taratibu.

"Ndiyo, bosi."

"Mara ya mwisho uliuweka wapi?"

"Nyumbani. Sikumbuki vizuri."

"Hukumbuki vizuri kwa nini?"

"Nilikuwa nimelala."

Vibarua wakacheka. Bosi naye akatabasamu, akasogea karibu, akamwondolea Taratibu uzi mweupe uliokuwa begani mwake, kama baba anavyomtengeneza mtoto kabla ya shule.

"Nisikilize. Ufunguo wa chuma hupotea. Ufunguo wa chipu huuzwa. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Nani amekununua?"

Taratibu aliutazama ule uzi mweupe vidoleni mwa bosi. Alikuwa na jibu, lakini alikuwa amelifungia, na tutalijua wakati wake ukifika.

"Vua viatu," bosi akasema.

Akavua. Mlinzi wa zamu, ambaye alikuwa jirani yake na mara nyingi walikunywa chai pamoja, akaingiza mkono ndani ya kiatu kimoja, kisha cha pili, bila kumtazama usoni. Akampapasa mifuko. Akamwambia ageuze soksi. Soksi moja ilikuwa na tundu kidoleni, na vibarua wakacheka tena, safari hii chini kwa chini, kwa sababu wengi wao walikuwa na tundu kama lile.

Fundi wa funguo akaja na pikipiki, amebeba kompyuta ndogo kwenye mkoba. Alikuwa kijana mpole, mwenye kuongea na magari kama daktari wa watoto. Akaunganisha waya chini ya usukani, akachonga ufunguo mpya, akauingiza kwenye swichi. Injini ikakohoa, ikazima. Taa nyekundu ikakonyeza.

"Halimjui huyu," fundi akasema. "Inabidi nilifundishe. Kompyuta na lori wakae kwanza wakiangaliana, hawana haraka hawa. Wakishaelewana, nafuta ufunguo wa zamani, naandika mpya."

"Wa zamani ukionekana baadaye?" mlinzi akauliza.

"Utakuwa chuma. Lori litausahau kama hawajawahi kukutana."

Bosi akageuka kwa Taratibu. "Umesikia? Gharama ya fundi ni yako. Na akimaliza kabla ufunguo wangu haujaonekana, mimi na wewe tunakwenda polisi. Nitawapa kila kitu, hata pole yangu." Kisha akamwambia mlinzi aende akapekue nyumba.

"Nyumbani kuna mama yangu mgonjwa," Taratibu akasema.

"Basi apekue polepole," akajibu bosi.

*

"Shemeji, nisamehe," mlinzi alisema mlangoni. "Nimetumwa."

"Ingia, shemeji. Nyumba unaijua."

Hilo ndilo lililomchoma, kwamba nyumba aliijua. Alijua kabati liko wapi na unga uko wapi. Alifungua debe la unga akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Alimwaga sanduku la nguo, na nguo za ndani za Mama Pamba zikatandazwa sakafuni mbele ya majirani wawili waliokuja dirishani kuuliza kama kuna msiba. Wakamwinua Bibi na kumketisha kwenye kiti ili kitanda chake kifunuliwe, naye akamtazama mlinzi kwa upole, akamwuliza kama amekuja kuposa.

"Hapana, Bibi. Natafuta ufunguo."

"Wa moyo wangu? Umechelewa, mwanangu."

Mlinzi akacheka bila kutaka, halafu machozi yakamlenga. Akasimama, mkono mweupe wa unga mpaka kiwikoni. "Fundi anakaribia kumaliza," akamwambia Mama Pamba. "Akifuta tu, bosi anampeleka kituoni. Kama kuna jambo unalijua, shemeji, sema. Mimi siyo adui."

"Ningelijua ningekwambia."

Na alikuwa akisema kweli.

Mlinzi alipoondoka, Mama Pamba alimrudisha Bibi kitandani, akakunja nguo, akachukua ufagio. Unga ulikuwa umetapakaa kila mahali. Alifagia akilia, machozi yakidondoka kwenye unga na kufanya vidonge vidogo, mpaka ufagio ukagonga kitu chini ya pedali ya cherehani. Kikalia *ting*. Akainama. Ilikuwa nusu ya sindano.

Akakaa nayo kiganjani.

Sindano ilivunjika jana. Ndiyo, ilivunjika. Mchana ulikuwa mkali, bati la paa likiguna kwa joto, na kijiti chake kilikuwa kimepotea. Kila mshona makava ana kijiti. Kava likishashonwa upande wa ndani hugeuzwa, na ili kona itoke kali, unaingiza kijiti na kuisukuma kwa ndani. Kisha unashonea kiraka upande wa ndani wa kona ili isichanike mapema. Chake kilikuwa mguu wa kigoda cha zamani, laini kama sabuni. Hakukiona. Mkasi hutoboa kitambaa. Kidole huchoka. Lori halikuwa na safari alasiri ile; Taratibu alikuwa amekuja kula, akajilaza mkekani, na juu ya meza akaacha ufunguo wa lori. Ncha yake ilikuwa butu, kichwa chake kinajaa kiganjani. Ulisukuma kona vizuri kuliko kijiti.

Akaanza kuiona ile alasiri kama mtu anayetazama chini ya maji. Kona, kiraka, kona, kiraka. Pedali ikienda juu na chini. Usingizi ukimjia kwa nyuma, ukimwekea mikono mabegani. Kuna wakati aliona hashoni kitambaa tena, anashona mto unaopita, maji yakiingia chini ya sindano na kutoka upande wa pili yamenyooka. Halafu *tak*. Sindano ikavunjika. Akashtuka, akadhani amegonga zipu. Akatia sindano mpya, uzi mweupe ukawa umejisokota, akashika uliokuwa karibu, wa kijani, akaifunga ile kona, iliyokuwa ya mwisho. Nani angeona? Upande wa ndani wa kona hauonwi na mtu. Akajaribu kukumbuka akiutundika ufunguo msumarini. Alijiona akitundika kila kitu, shati, kapu, mwavuli. Ufunguo hakujiona akiutundika.

"Mungu wangu," akasema kwa sauti. "Nimeushona."

"Nini?" Bibi akauliza toka kitandani.

"Lori, mama. Nimelishona lori ndani ya godoro."

"Vizuri," Bibi akasema. "Lilikuwa limechoka."

*

Alivuka barabara akiwa na mkasi mkononi na unga kwenye magoti, na hakukumbuka baadaye kama magari yalisimama au yalimkosa. Jua lilikuwa limelainisha kila kitu, kuta na vibanda vikitetemeka kidogo. Kichwani mwake mlikuwa na sauti moja tu, ile laini ya bosi, ya siku alipowakusanya washonaji wote. Mteja alikuwa amechomwa na sindano iliyosahauliwa ndani ya godoro. Bosi hakufoka. Alisema tu, "Chuma chochote kikikutwa ndani ya kava langu, hata pini, aliyelishona asinijie tena." Wiki ile ile mmoja wao aliondolewa kwa pini.

Kwa hiyo alijua anachokwenda kukifanya. Ada ya mtoto ilikuwa inakwenda kukatika kwa mkono wake mwenyewe. Njia nzima alitafuta uongo mzuri: kwamba ufunguo ulidondoka wenyewe, kwamba Bibi aliutumbukiza. Uongo wote aliushona na wote ukafumuka kabla hajafika getini.

Fundi alikuwa ameketi kwenye ngazi ya lori, kompyuta magotini, akinywa chai. Taratibu alisimama juani bila viatu.

"Usifute," Mama Pamba akasema.

Wakamgeukia wote. Akamwendea bosi, akamwamkia, kwa sababu hata siku ya kujiponza mtu huanza na salamu. Bosi akaitikia.

"Ufunguo umo ndani ya godoro. Niliutumia kusukumia kona. Nikasinzia, nikaushonea ndani."

"Godoro lipi?"

"Mojawapo ya haya, ndani ya lori."

Vibarua wakainuka juu ya sponji zao. Halafu Taratibu, ambaye tangu asubuhi hakuinua sauti, akasema kwa haraka ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kinywani mwake, "Bosi, msimsikilize. Hajalala vizuri. Anaota huyu. Mke wangu, rudi nyumbani."

"Siendi."

"Rudi nyumbani, nakuomba. Mimi ndiye niliyepoteza."

"Nimeifunga kona kwa uzi wa kijani," akamwambia bosi bila kumtazama mumewe. "Makava yote ya kiwanda ni uzi mweupe. Litakuwa moja tu. Shusheni, nitaliona."

Bosi alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. Akatoa ishara kwa vibarua.

Turubai likafunguliwa, magodoro yakaanza kushuka. Hakukuwa na pa kuyaweka isipokuwa uwanjani, juu ya maturubai, na uwanja wote ukawa chumba kimoja kikubwa cha kulala kisicho na paa. Yalikuwa ya maua, ya mistari, ya bluu, yamelala bega kwa bega mpaka ukutani. Upepo ukapita juu yake. Hata vibarua wakaanza kusema kwa sauti ya chini, kama watu wanaoogopa kuamsha mtoto, na mmoja akajilaza kidogo "kupima," akasahau kuamka.

"Vua viatu," bosi alimwambia Mama Pamba. "Usiyachafue."

Akavua. Akatembea juu ya magodoro, miguu ikizama na kuinuka, kutoka moja hadi jingine. Kila alipofika alipiga magoti, akafungua zipu, akaingiza mkono mpaka konani, akapekenyua kiraka na kutazama. Mweupe. Mweupe. Kazi ya mkono wake aliijua, na ya wenzake aliijua pia. Huyu huvuta uzi sana, yule huacha mwanya. Mweupe. Jua likampiga kisogoni. Fundi akaacha chai yake, akasimama. Taratibu hakuangalia. Alikuwa ameupa uwanja mgongo, akitazama tairi la lori.

Kwenye godoro la mistari, karibu na ukuta, akauona. Mstari wa kijani uliopinda, mstari wa mtu aliyesinzia. Akaubana kwa vidole: ndani ya kiraka palikuwa na kitu kigumu. Alikata kwa haraka hata mkasi ukapita kiraka na kukata kava lenyewe mpaka kwenye sponji. Ufunguo ukamdondokea mapajani, una joto kama yai.

Vibarua walipiga kelele za shangwe, wakimwamsha aliyelala. Taratibu akaupokea ufunguo, akapanda, akauingiza kwenye swichi. Taa nyekundu ikazima. Lori likanguruma mara moja tu, bila kukohoa.

"Haya," fundi akasema akifunga kompyuta yake. "Wamekumbukana."

Bosi alisubiri kelele zitulie. "Pakieni, na badala ya hilo lililokatwa toeni jingine stoo," akawaambia vibarua, kisha akamgeukia Taratibu. "Wewe nenda, watoto wanahitaji magodoro. Ukirudi, ufunguo utaukabidhi kwa mlinzi. Hautatoka tena humu." Halafu akamgeukia Mama Pamba, na sauti yake ikawa laini zaidi. "Nakushukuru kwa kusema kweli, mama. Sheria unaijua. Cherehani yako itafutie kazi nyingine."

"Bosi, nina mtoto shule."

"Hata ninaowapelekea magodoro ni watoto. Hilo ulilolikata siwezi kumuuzia mtu, lichukue. Nitalikata kwenye mshahara wa mumeo."

Mlinzi alimsaidia kulitwika kichwani. Njia nzima watu walimshangilia. "Mama Pamba, mambo si hayo! Godoro jipya! Kumbe kimyakimya pesa unazo!" Yeye akitabasamu chini ya lile godoro, maana kueleza kungechukua muda mrefu, na kwa miaka yote aliyoshonea watu magodoro, hilo lilikuwa la kwanza kuingia nyumbani kwake.

*

Taratibu alirudi kesho yake alasiri. Mifuko yake ilikuwa myepesi. Alikuwa ameacha ufunguo getini, na mlinzi alikuwa ameupokea akitazama pembeni.

Nyumba ilikuwa safi kuliko alivyowahi kuiona. Vumbi jeupe lilikuwa limekwisha kutua na kufutwa. Cherehani ilifunikwa kitambaa. Bibi alikuwa ameketi kitandani, macho makavu.

"Kuna kelele," akalalamika. "Tangu jana silali. Kuna kelele nyumba hii."

"Hakuna kelele, mama. Kimya kabisa," Taratibu akasema.

"Ndiyo hiyo hiyo. Iambieni inyamaze." Akajikuna mgongo kwa kitu alichokitoa ndani ya blanketi. Kilikuwa kijiti, mguu wa kigoda cha zamani, laini kama sabuni.

Mama Pamba alikitazama, na hakuwa na nguvu za kukasirika. Akamwekea mumewe chakula. Akala, kisha akajilaza kwenye godoro jipya lililotandikwa sakafuni, kichwa upande wa kona iliyokatwa. Lilikuwa godoro zuri, nene. Hawakuwa wamezoea kulala kwenye kitu kinachowabeba.

"Ulijua," mkewe akasema.

"Nilijua nini?"

"Jana asubuhi ulisimama ukautazama uzi wangu. Na pale uwanjani ulitaka nirudi nyumbani. Ulijua."

Taratibu akavuta shuka mpaka kidevuni.

"Ile juzi mchana nilifumbua macho," akasema. "Nikakuona unasukuma kona kwa ufunguo wa lori. Kichwa chako kimeshalala, kinakwenda huku na huku, mkono peke yake ndio uko kazini. Nikataka kukwambia. Halafu nikaona jinsi ulivyochoka. Nikafumba tena."

"Na asubuhi?"

"Asubuhi nikasema, ile ilikuwa ndoto."

"Haikuwa ndoto, baba mtoto."

"Nilitaka iwe. Mimi wangeniweka ndani, wangechoka na mimi, wangenitoa. Wewe wangekunyang'anya kazi. Na mtoto angerudi nyumbani na sanduku lake." Akageuka akatazama ukuta. "Mtu aliyeota hasemi uongo akisema hakumbuki."

Mama Pamba alitaka kumwambia ni mjinga, na akamwambia. Alitaka kulia, akalia, na hakujificha. Alimpenda sana wakati ule, na alimkasirikia sana, kwa sababu mumewe alikuwa amekubali kuitwa mwizi bila kumuuliza, na yeye bila kumuuliza alikuwa amekuja kumwokoa kwa ada ya mtoto wao. Walikuwa wametendeana kitu kimoja hicho hicho. Barua ya shule ingekuja tu, na hakuna aliyejua itajibiwa kwa pesa gani.

"Lala," akamwambia.

"Siwezi. Mama amesema kweli, kuna kelele."

Bibi naye alikuwa akigeuka na kugeuka kitandani, akiguna. Mama Pamba akafuta uso. Akaenda kwenye meza, akaifunua cherehani. Akautoa uzi wa kijani kwenye sindano na kuuweka kando. Hakuwa na kitambaa, na hakuna aliyekuwa amemtuma kitu. Akaweka miguu kwenye pedali, akaanza kukanyaga, juu na chini, juu na chini, sindano ikishona hewa, mpaka Bibi akaacha kuguna, na mkono wa mumewe ukalegea juu ya godoro, na wote wawili wakalala.